Mpaka Nione Meno

Kwa miaka tisa nilivaa vitu viwili kwenye kamba moja shingoni: rozari aliyonipa mama siku ya kipaimara, na ufunguo wa kufuli la swichi ya kihenge. Wageni kiwandani walidhani ni ufunguo wa sanduku langu la nguo. Niliwaacha wadhani hivyo. Mtu asiyejua kazi ya ufunguo ule hakuwa na sababu ya kuugusa.

Kiwanda chetu kinakoboa mpunga hapa Ifakara. Kihenge ni lile pipa kubwa la bati unaloliona mbali ukitokea Lumemo. Mpunga unamiminwa kwa juu, na chini kuna chuma cha kuzunguka kinachouvuta kuupeleka mashineni. Mpunga mkavu hauna maneno. Ukija mbichi, kama unavyokuja mwezi wa tano wakulima wakikimbizana na maji, unashikana na kufanya ukoko, na hapo lazima mtu aingie na mti auvunje. Sasa mtu akiwa ndani, chuma kile kikazunguka hata kwa dakika moja, mpunga unafunguka chini ya miguu yake na kummeza. Mwenzetu Joachim ulimmeza mwaka wa kwanza wa kiwanda. Tulimtoa jioni, na mdomo wake ulikuwa umejaa mpunga kama gunia.

Baada ya kumzika Joachim tulikaa chini siku nne bila kugusa kazi. Wakati huo tulikuwa wengi, na wengi wetu wanawake: wachambuzi sitini na kitu waliokaa kwenye mikeka wakitoa mawe na chuya kwenye mchele. Wanawake wale walikuwa na midomo! Siku ya nne ofisi ikatia saini mkataba wa hali bora, na ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja ambacho mimi, Digna, nilikishika kuliko Baba Yetu: hakuna mtu kuingia kihengeni mpaka swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo wake ukae kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, siyo ofisini. Wakanichagua mimi. Walisema ni kwa sababu nina mdomo mchafu na siogopi mtu mwenye tai.

Aliyekuwa akiingia mara nyingi ni Shilinde. Msukuma mrefu, mwembamba, mwenye mwanya, ambaye baba yake alihamia bonde hili na ng'ombe yeye akiwa mgongoni kwa mama yake. Tulikuwa watani. Wazee watakwambia utani wa Wapogoro na Wasukuma si wa asili, na pengine kweli. Wetu ulizaliwa kiwandani, kwenye sufuria moja ya ugali, na ukashika kama ule wa mababu. Aliniita mchawi wa Mahenge. Nilimwambia ng'ombe wake wamekula mpunga wangu, basi na yeye atakwenda kuutapika kihengeni.

"Nyie Wapogoro ng'ombe mnamjua kwenye supu tu," alikuwa akinijibu.

Kabla ya kuingia alikuja mpaka nilipo, akaugusa ufunguo shingoni mwangu, akaniuliza, "Mtani, umeifunga roho yangu?" Nami nilimjibu, "Nimeifunga, nenda kafe." Akimaliza, alitoka amejaa vumbi mpaka kope, na mafundi wakaanza kunihimiza nifungue, malori yanasubiri. Sikufungua. Nilisimama pale na mikono kiunoni mpaka Shilinde aje mbele yangu na acheke. "Mpaka nione meno," nilikuwa nikiwaambia. Fundi mmoja alinishitaki ofisini kwamba ninapoteza dakika kumi za uzalishaji kila siku kwa kuangalia meno ya mwanamume. Nikamwambia aandike kumi na tano.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, na katika miaka tisa kihenge hakikumeza mtu.

Kisha ikaja mashine ya kuchagua rangi. Iliingia kwenye kontena mwezi wa kwanza, nyeupe, safi, ukubwa wa kabati la nguo. Ina macho ndani. Inaona chuya na jiwe na kuvipuliza nje kabla mtu hajapepesa. Katika wiki mbili wachambuzi wote waliambiwa asante. Mikeka ilikunjwa ikachomwa moto nyuma ya kiwanda. Nilisimama nikiangalia moshi wake, nikahisi baridi, na jua lilikuwa la saa saba. Hao ndio waliokuwa chama. Tuliobaki kiwandani tulikuwa watu mia moja na kumi na nane, na wanachama sabini na wanne.

Sheria ni hii, na nilimweleza kila mtu aliyekubali kunisikiliza: ukizidi nusu, mwajiri anakutambua na mkataba unamfunga. Ukishuka chini ya hapo, wewe ni kikundi cha watu wanaopiga soga. Nusu yetu ilikuwa hamsini na tisa. Tulihitaji sitini.

Hapa lazima nikiri jambo, kwa sababu nimelifikiria sana na linaniudhi. Miaka yote hiyo nilipotafuta wanachama sikuwaambia habari za vifungu. Nani angekaa kunisikiliza? Niliwaambia, "Jiunge, mwenzangu, ukifa tutakuzika." Hilo kila mtu alilielewa. Chama kilinunua sanda, mbao za jeneza kwa fundi wa Lumemo, na kikatoa watu wa kuchimba kaburi na kupika. Kwa hiyo wenzangu wakajua chama ni cha mazishi. Mimi ndiye niliyewafundisha, na walinielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Bwana Vitus, afisa utumishi, alilijua hilo. Ni mtu mpole. Hajawahi kunipandishia sauti, na hilo ndilo lililonifanya nimwogope. Mwezi wa tatu alituita tukakaa kantini, akatangaza kwamba kampuni sasa itabeba misiba: ya mfanyakazi, ya mwenzi wake, ya wazazi wake. Jeneza la mninga lenye vishikio vya shaba. Lori mpaka kijijini, popote pale. Turubai, viti, mchele.

"Ila mambo hayawezi kuwa mawili," alisema kwa upole wake. "Huwezi kuzikwa na chama na ukazikwa na sisi. Anayetaka mpango wetu ajaze fomu ya kujitoa kule. Hakuna anayelazimishwa."

Wiki iliyofuata majeneza yenyewe yakaletwa. Manane. Yakapangwa juu ya rafu ghalani, mkabala na mlango wa kantini, kwa hiyo ukila ubwabwa wako unayaona. Yaling'aa. Niliuliza kwa nini yaletwe kabla hajafa mtu. Nikaambiwa ukinunua kwa jumla ni nafuu.

Watu wakaanza kusaini. Sikuwalaumu mbele yao, lakini nyumbani niliwatukana mpaka mate yakanikauka. Mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa na sanda tu. Sabini na wanne wakawa sabini, wakawa sitini na tano, sitini na mbili. Kila aliyesaini alikwepa kuniangalia shingoni.

Siku moja wakati wa chakula Shilinde akapanda kwenye rafu. Alitaka kutuchekesha, kantini ilikuwa imenuna. Akajilaza ndani ya jeneza moja, akakunja mikono kifuani, miguu ikaning'inia nje kuanzia kwenye ugoko.

"Mtani!" alipaza sauti akiwa amelala. "Waambie hili ni la Mpogoro! Msukuma anataka la mita mbili!"

Tulicheka. Nami nilicheka, nikamwambia tutamkata magoti kama kuku. Mara kicheko kikakatika kuanzia mlangoni, na nilipogeuka Bwana Vitus alikuwa amesimama pale. Tulidhani atafoka. Hakufoka. Alimkaribia Shilinde, akaangalia miguu ile inayoning'inia, akatoa daftari dogo mfukoni.

"Una urefu gani hasa?" alimwuliza.

"Sijui, bosi. Nilikuwa natania tu."

"Hapana, umefanya vizuri. Hatukulifikiria hilo." Akaandika.

Siku tisa baadaye lori likashusha jeneza la tisa. Lilikuwa refu kuliko mengine, na kwa kuwa rafu haikulitosha wakalisimamisha pembeni, wima, kama mtu aliyesubirishwa. Shilinde alipita mbele yake akiangalia pembeni. Jioni aliniambia, "Mimi sisaini, mama. Wakizikana wazikane. Roho yangu umeishika wewe." Hakuniita mtani siku hiyo.

Ilipofika mwisho wa mwezi wa nne tulibaki sitini. Kamili. Nilikuwa na majina yote kichwani, nikiyasema usiku kama litania, na la sitini lilikuwa langu.

Mama yangu alifariki Jumanne, mwezi wa tano tarehe za mwanzo, katika hospitali hapa mjini. Alikuwa na miaka themanini na minane. Kwetu ni milimani, juu ya Mahenge, na mama alikuwa amesema neno moja tu kuhusu kifo chake kwa miaka ishirini: alazwe kando ya baba. Mvua ilikuwa haijaacha. Barabara baada ya Lupiro ilikuwa uji, na kule mlimani magari madogo yalikuwa yameshindwa tangu Pasaka. Mfuko wa chama, kwa watu sitini, ulitosha sanda na mbao. Gari, hapana.

Kaka yangu Fridolin, ambaye ni katekista kule, alinipigia simu saa nne asubuhi.

"Digna, watu wameshakusanyika. Mama anakujaje?"

"Natafuta gari, kaka."

"Nasikia kiwanda chenu kinatoa lori. Na jeneza."

"Kinatoa kwa waliojitoa kwenye chama."

Nikasikia mvua upande wake wa simu, na wanawake wakiimba. "Wewe ndiye binti pekee aliyebaki," alisema. "Usimlete mama yetu amefungwa kwenye mkeka nyuma ya pikipiki."

Nilizunguka mji mzima mpaka saa saba. Wenye malori walitikisa kichwa kila nilipotaja mlima. Mochwari wakaniambia nisichelewe. Nilikuwa nimelowa, nina njaa, nina miaka hamsini na minne na sina mama. Nikaenda kiwandani, moja kwa moja mpaka kwa Bwana Vitus.

Fomu ilikuwa mezani. Sijui kama iliwekwa pale kwa ajili yangu au hukaa pale siku zote. Nilijua hesabu. Mtu asije akanitetea kwamba nilichanganyikiwa kwa msiba. Nilijua kwamba nikisaini tunabaki hamsini na tisa. Nilisaini. Niliandika jina langu lote kwa mwandiko safi, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Vitus, na naamini alimaanisha. "Lori litakuwa mochwari saa nane." Kisha akanyoosha kiganja juu ya meza. "Na ule ufunguo."

"Sheria ina siku zake," nilimwambia. "Mnatakiwa kutoa barua kwanza, tupewe muda."

"Barua itakuja. Lakini wewe unasafiri, mama. Kihenge kitafungwa na nani?"

Ningeweza kumwambia nitampa Shilinde mwenyewe. Ningeweza kumwambia subiri nirudi. Ningeweza kuumeza ufunguo ule. Nilifungua kamba shingoni, nikauchomoa, nikabaki na rozari. Akaupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akautundika kwenye msumari ukutani, katikati ya funguo za stoo na za choo.

Nilipokuwa natoka getini Shilinde alinikimbilia kunipa pole. "Shikamoo, mama. Nenda salama, tuko pamoja." Macho yake yakashuka shingoni mwangu. Aliangalia muda mrefu kidogo. Nilidhani ataniuliza, nami nilikuwa tayari kumpigia magoti. Hakuuliza. "Mzike mama," alisema.

"Usiingie mpaka nirudi," nilimwambia.

"Kazi ni kazi, mtani."

Tulimzika mama Jumatano mchana. Lori lilipanda ule mlima likinguruma bila kukwama hata mara moja. Jeneza lilipendeza. Majirani waligusa vishikio vya shaba, na Fridolin alinishika bega mbele ya watu wote akasema nimewaheshimisha. Nilifurahi. Hilo pia nalikiri: nilisimama kando ya kaburi la mama yangu na nikafurahi.

Nilirudi Ifakara Ijumaa na lori lilelile. Tulipoingia getini hapakuwa na kelele za mashine. Watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi chini ya mapaa ya bati, na hakuna aliyenisalimia. Nikaangalia ghalani. Majeneza saba yalikuwa juu ya rafu. Pale pembeni, mahali pa lile refu, palikuwa na ukuta tu.

Rosemery wa upakiaji ndiye aliyenieleza. Alhamisi asubuhi mpunga ulikuwa umeganda na malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Shilinde alikwenda mwenyewe ofisini, akawaomba wafunge swichi, wakafunga, ufunguo ukarudishwa msumarini. Akaingia. Kufika saa tatu na nusu zamu ikabadilika. Fundi mpya akakuta swichi imefungwa, malori yanapiga honi, ufunguo unaning'inia ukutani. Akauchukua akafungua. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuzuia. Walikata bati kwa moto ili kumtoa.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, nyumbani kwao Lumemo. Kampuni ilileta kila kitu: turubai, viti, mchele, na lile jeneza. Lilimtosha sawasawa. Bwana Vitus alikuja na miwani myeusi akakaa mstari wa mbele. Mimi nilijificha nyuma na wanawake wa jikoni, nikimenya vitunguu ili niwe na sababu ya machozi.

Lakini mtani hana pa kujificha msibani. Ndiyo desturi: mtani akifa, mtani mwenzake ndiye anayewafungua wafiwa vifua. Anazuia jeneza, anaingia kaburini, anamtukana marehemu, anadai kitu mpaka ahongwe ndipo azike. Asemalo halina kesi. Asipotokea, ni aibu kwa marehemu. Kabula, mjane wa Shilinde, alituma mtu jikoni. "Anauliza, mtani wake yuko wapi? Ataingia kaburini kimyakimya kama mgeni?"

Nikafuta mikono. Nikapita katikati ya watu, nikashuka kaburini na gauni langu la msiba, nikasimama kwenye udongo mwekundu na mikono kiunoni. Wabebaji walikuwa wamefika ukingoni.

"Haingii!" nilisema. "Mpaka nione meno!"

Kicheko kikapasuka, kile cha msibani chenye kilio ndani yake. Wa kiwandani walicheka zaidi kwa sababu walilijua neno lile. Niliwaangalia kutoka chini, nikaona nyuso zao zote zimenizunguka, na sikuweza tena.

"Msicheke," nilisema. "Mimi ndiye niliyemuua. Huyu nilimbadilisha na jeneza la mama yangu. Alinipa roho yake niivae shingoni, nikaenda nikaiweka mezani kwa Vitus. Kwa mkono huu! Nilijua hesabu, nikasaini."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja wa Kisukuma alijipiga mapaja akisema Mpogoro huyu kiboko. Bwana Vitus alitabasamu chini ya miwani yake, akatikisa kichwa kama anayesema watani bwana. Watu wakaanza kunitupia sarafu ili nitoke. Zilinigonga kichwani na kuangukia miguuni kwangu. Nikarudia, kwa sauti, nikilia, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu hawajawahi kuona utani uliofanywa vizuri namna ile. Mwishowe vijana wawili wakanishika makwapani wakanitoa.

Kabula alinikumbatia. Alikuwa amecheka, mashavu yake yamelowa. "Asante, mtani," aliniambia. "Tangu Alhamisi nilikuwa sijapumua. Umemzika vizuri."

Tulipokuwa tunanawa mikono akanijia mdogo wake Shilinde, Makoye. Sikuwahi kumwona karibu. Mwanamume wa miaka ishirini na minane hivi, mwanya uleule, na urefu unaozidi wa kaka yake kwa kiganja.

"Shikamoo, mtani," alisema. "Bwana Vitus amenipa nafasi ya kaka. Wamenionea huruma. Naanza Jumatatu."

Nyuma yake, chini ya turubai, Bwana Vitus alikuwa anatuangalia. Daftari dogo lilikuwa mkononi.

Nilimshika Makoye shati kwa mikono miwili. "Nisikilize. Usiingie mle ndani. Ninakwambia kama mama yako, usiingie kihengeni, watakupima tu na kukuzika. Sitanii. Makoye, sitanii!"

Akanitazama usoni, akaona machozi, akaona udongo kwenye gauni langu. Halafu midomo ikaanza kumtetemeka, akajizuia akashindwa, akatupa kichwa nyuma akacheka, nami nikayaona meno yake yote.